Tundu aliache yeye, kiraka atuuzie sisi?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha viraka vya bure vya usalama (masasisho ya kuziba kasoro za programu) kwa Windows 10, swali moja linarudi kwenye meza za mafundi kompyuta hapa Tanga, Ngamiani hadi Chumbageni. Mashine ni nzima, inawaka, inaprinti, inafungua barua pepe. Iweje mwenye programu atudai fedha ili aendelee kuziba matundu aliyoyaacha yeye mwenyewe? Wapo wanaojibu kwamba hiyo ni biashara kama biashara nyingine, hata gari lina sevisi. Sisi jibu hilo hatulikubali, ingawa na wale wanaotaka kila kitu kiwe bure mpaka kiama nao hatuko pamoja.

Tuanze na hilo gari. Sevisi inalipiwa kwa sababu oili inachoka na breki zinalika. Programu hailiki. Mstari wa msimbo ulioandikwa mwaka 2015 uko vilevile leo, haukuingia kutu kwa chumvi ya bahari kama mabati ya Raskazone. Tundu linalogunduliwa leo lilikuwamo siku boksi linafunguliwa, ila hakuna aliyekuwa ameliona. Kwenye magari, kinachofanana na hilo ni magari kuitwa kiwandani. Mifuko ya hewa ya Takata ilipobainika kwamba inaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, makampuni yaliita mamilioni ya magari duniani na kubadilisha mifuko hiyo bila kumtoza mwenye gari. Hakuna aliyeambiwa anunue gari la toleo jipya. Ile methali ya ufa na ukuta nayo isitumike kumlaumu mteja: inamhusu mwenye nyumba aliyezembea, na hapa ufa aliuacha fundi.

Wasomaji wasio wa fani hii watuvumilie tueleze tundu lenyewe likoje, maana ubishi wote umekaa hapo. Chukua programu inayofungua picha. Inatenga nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya kuwekea jina la picha, tuseme baiti 256, yaani kama herufi 256. Aliyeiandika akasahau kupima urefu wa kinacholetwa. Likija faili lenye jina la baiti 300, zile 44 za ziada hazipotei; zinamwagikia kwa jirani. Na mara nyingi jirani huyo ndiye aliyeshika anwani ya mahali programu itakaporudi ikimaliza kazi yake. Mwizi akizipanga baiti hizo 44 kwa ujuzi, programu hairudi ilikotoka. Inaelekea anakotaka yeye na kutekeleza amri zake kwa mamlaka ya mwenye mashine. Kiraka cha tundu kama hilo mara nyingi ni mstari mmoja: urefu ukizidi 256, kataa.

Sasa tazama kinachofuata kiraka kikishatoka. Mwizi naye anakipata. Anaweka faili la zamani na faili jipya kwenye programu ya kulinganisha, na ile sehemu iliyobadilika inajionyesha: hapa palikuwa hapapimwi urefu, sasa panapimwa. Kazi ya kulitafuta tundu ambayo ingemchukua miezi inakuwa ya siku chache, pengine saa. Tangu wakati huo kila mashine isiyo na kiraka iko katika hatari kubwa kuliko iliyokuwa nayo kabla kiraka hakijatengenezwa. Kwa hiyo anayetengeneza kiraka akawapa waliolipa peke yao hawaachi wengine pale walipokuwa. Amemchorea mwizi ramani, na nyumba zisizo na komeo zimejulikana ni zipi.

Hilo ndilo linalotufanya tuseme kiraka si bidhaa kama bidhaa nyingine. Ukikataa kununua kiyoyozi, joto ni lako na familia yako. Ukikosa kiraka, mashine yako inatumika kupiga mashine za watu: inatuma barua taka, inajaribu maneno ya siri ya benki za watu, inasambaza kirusi kwa kila aliyeunganishwa nawe. Ni kama shimo la choo lililofurika kwenye nyumba za kupanga. Mpangaji wa chumba cha mwisho hawezi kusema hakuchanga hivyo hayamhusu, wala mwenye nyumba hawezi kulizibua kwa upande wa waliochanga tu.

Suala lenyewe si la jana. Mei 2012 Adobe ilitangaza kwamba Photoshop CS5, programu ya kuhariri picha iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu sokoni, ina tundu: ukifungua picha ya aina ya TIFF iliyotengenezwa kwa hila, aliyeitengeneza anaweza kuishika kompyuta yako. Dawa iliyoandikwa kwenye tangazo ilikuwa kuhamia toleo jipya, CS6, na kupanda huko kutoka CS5 kulikuwa kwa dola 199. Asiyeweza kuhama aliambiwa awe mwangalifu na mafaili asiyojua yametoka wapi. Kamwambie hayo mwenye steshenari wa Barabara ya Nane, ambaye kutwa nzima anapokea flashi za watu zenye picha za kadi za harusi! Kelele zikawa nyingi, na ndani ya siku chache Adobe ikageuza kauli, ikaahidi kiraka cha CS5 bila malipo, na wiki chache baadaye kikatoka. Kumbe kiliwezekana tangu mwanzo.

Mfano mzito zaidi ni wa Ijumaa ya Mei 12, 2017. Kirusi cha WannaCry kilianza kuzunguka dunia kupitia tundu kwenye SMB, ile huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili na printa inayopita mlango namba 445. Hakikungoja mtu abonyeze kitu. Kilihama chenyewe kutoka mashine hadi mashine, kikafunga mafaili na kudai dola 300 kwa Bitcoin. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikumbwa. Uingereza, angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya taifa ziliathirika, wagonjwa wakarudishwa nyumbani.

Windows XP wakati huo ilikuwa imeachwa tangu Aprili 8, 2014, isipokuwa kwa waliolipia mkataba maalumu. Mara baada ya shambulio, Microsoft ikatoa kiraka cha XP bure kwa kila mtu. Waliokichunguza waliona kwamba sahihi yake ya kidijitali ilikuwa ya Februari mwaka huohuo. Kwa maneno mengine kiraka kilikuwa kimekwisha kutengenezwa miezi mitatu kabla ya moto kuwaka. Kilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa kwa waliolipa.

Lakini tusiseme nusu ya ukweli. Sehemu kubwa ya mashine zilizoungua siku ile hazikuwa za XP. Zilikuwa za Windows 7, ambayo kiraka chake kilitolewa bure Machi 14, miezi miwili kabla, na wenyewe hawakukiweka. Hili linatuhusu sana hapa kwetu, na tutalirudia.

Turudi kwanza kwenye bei za Windows 10, kwa sababu watu wengi wanapiga hesabu kwa kusikia. Mtu binafsi anaweza kupata mwaka mmoja wa nyongeza, hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, ambazo ni shilingi elfu sabini na kitu. Anaweza pia kuupata bila fedha akikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kulandanisha mipangilio ya mashine yake na hifadhi yao ya mtandaoni. Leseni moja inatosha mashine hadi 10 chini ya akaunti ileile. Wakazi wa Eneo la Uchumi la Ulaya wamesamehewa hata sharti la kulandanisha, baada ya vyama vya walaji vya huko kubana. Sisi wa Chuda na Makorora hatukusamehewa, na tundu ni lilelile.

Kwa biashara na ofisi hesabu ni nyingine kabisa. Ni dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Ukichelewa ukaingia mwaka wa pili, unadaiwa na wa kwanza. Steshenari au zahanati yenye kompyuta 5 italipa dola 305, kisha 610, kisha 1,220. Jumla dola 2,135 kwa miaka mitatu. Kwa mashine moja ni dola 427, zaidi ya shilingi milioni moja, kwa viraka vitupu visivyoongeza hata kitufe kimoja. Shule zimepewa bei ya dola 1, kisha 2, kisha 4. Hapo ndipo tunapouliza: kama kiraka kilekile kinaweza kuuzwa dola 1 kwa shule na dola 61 kwa duka lililo mkabala nayo, hiyo 61 imetokana na gharama ya kukitengeneza, au ni bei ya kumsukuma mtu anunue mashine mpya? Windows 11 inataka kichakataji ambacho kwa Intel kwa kawaida ni cha kizazi cha 8 kwenda mbele, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Kompyuta nyingi za mtumba zilizojaa Tanga hazina.

Kuna la ajabu zaidi. Novemba 2024 D-Link ilitangaza kwamba baadhi ya ruta zake za zamani za ofisini zina tundu kubwa na hazitapata kiraka, na wateja wa Marekani wakapewa punguzo la asilimia 20 wakinunua ruta mpya. Kosa limegeuzwa tangazo la biashara. Na hapa ndipo penye hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha: kiraka kikiwa bidhaa, tundu linakuwa malighafi. Kampuni inayopata fedha kwa kuziba haina haraka ya kuandika msimbo usiotoboka, na mkaguzi wake wa ndani anayegundua tundu kabla ya mauzo anageuka kuwa mtu wa kupunguza mapato.

Wanaotetea kuuza viraka wana hoja moja nzito, na hatutaki kuikwepa. Kutunza programu ya zamani ni kazi. Mstari mmoja wa kiraka unaweza kuandikwa asubuhi, lakini kuujaribu kwenye maelfu ya aina za mashine, printa na programu za watu wengine kunachukua wiki, na wahandisi wanalipwa mishahara. Windows XP ilitunzwa tangu 2001 hadi 2014. Hatuwezi kumdai fundi aliyejenga nyumba miaka hiyo awe anapita kila mwezi kukagua paa hadi 2040. Mtengenezaji ana haki ya kusema: mwisho wangu ni tarehe fulani.

Tofauti yetu na watetezi hao inaanzia baada ya tarehe hiyo. Akiacha kabisa kutengeneza, sawa. Tarehe ilijulikana, kila mtu ajipange. Lakini akiendelea kutengeneza kwa ajili ya yeyote, awe serikali, benki au jeshi, basi gharama imekwisha kulipwa, faili lipo, na kumpa mtu wa pili hakumgharimu zaidi ya kulipakua. Kiraka kikishatengenezwa kwa mmoja, kiwe cha wote. Auze mengine: simu ya kupiga usiku mfumo ukilala, fundi wa kuja ofisini, vipengele vipya, kasi zaidi, mafunzo. Hayo tutalipia bila kinyongo.

Na wapo waliokaribia kufanya hivyo. Cisco, kampuni ya vifaa vya mitandao ambayo kwa kawaida usipokuwa na mkataba hupakui kitu, huwapa viraka vya matundu mazito hata wateja wasio na mkataba. Unawasiliana na kituo chao cha msaada ukiwa na namba ya kifaa na kiungo cha tangazo la tundu husika. Ofisi nyingi hazijui hilo na zinakaa na ruta zenye matundu kwa kudhani lazima zilipe kwanza. Broadcom, baada ya kuinunua VMware, kampuni ya programu za kuendesha kompyuta nyingi ndani ya mashine moja, na kufuta leseni za kudumu, ilitangaza Aprili 2024 kwamba wenye leseni hizo ambao mkataba wao wa huduma umekwisha watapata bure viraka vya matundu mazito kabisa kwa matoleo ya programu hiyo, vSphere, ambayo bado yanatunzwa. Ubuntu, ambayo ni mfumo huria wa kuendesha kompyuta, hutoa miaka 5 ya viraka kwa wote kwenye matoleo yake ya muda mrefu, kisha miaka mingine 5 kupitia Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mashine zisizozidi 5. Hawa wa mwisho hawajatimiza kanuni yetu yote, lakini mwenye steshenari ya mashine 5 hana cha kulalamika.

Sasa lile tulilosema tutalirudia. Kiraka cha bure kisipowekwa, ni sawa na hakipo, na hapa Tanga kuna sababu mbili kubwa za kutowekwa. Ya kwanza ni kraki. Mwenye duka anawekewa Windows ya kunakili, na programu iliyotumika kuvunja leseni mara nyingi inazima masasisho moja kwa moja ili isije ikagunduliwa. Wengi wanadhani wakiyawasha mashine itafungwa. Haifungwi, Windows 10 isiyo na leseni hai ilikuwa ikipokea viraka vya usalama kama kawaida. Kilichowazuia ni kraki yenyewe, ambayo mara nyingi imekuja na kirusi chake.

Ya pili ni bando. Kiraka cha mwezi cha Windows kinaweza kuwa MB mia kadhaa, na cha Windows 11 kikapita GB kadhaa. Mashine 5 zikipakua kila moja kivyake kwa bando la simu, "bure" hiyo imekuwa ghali. Njia ipo. Kwenye mipangilio ya Windows Update kuna sehemu iitwayo Delivery Optimization. Iruhusu kupokea kutoka kompyuta za mtandao wa ndani peke yake. Mashine moja ikipakua, nyingine zinachukua kwake kupitia waya au wifi ya dukani bila kugusa bando. Usichague ile ya kushirikiana na kompyuta za intaneti, itakumalizia bando kwa kuwagawia watu usiowajua. Kama duka linatumia hotispoti ya simu, angalia pia kama mtandao huo umewekewa alama ya kupimwa, yaani Metered connection. Ukiwekwa hivyo Windows huahirisha kupakua, na watu wanakaa mwaka mzima wakidhani wako salama. Mahali pasipo na intaneti kabisa, faili la kiraka lenye mwisho wa .msu linapakuliwa mara moja kwenye Microsoft Update Catalog na kubebwa kwa flashi.

Kujua umefika wapi ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver. Windows 10 ya mwisho inasoma 22H2, namba 19045. Tarakimu zinazofuata nukta zikiwa 6456, umepata viraka vyote vya bure hadi Oktoba 14, 2025. Zikiwa chini ya hapo, hata vile ambavyo hukudaiwa senti hukuvimaliza. Na ile SMB ya zamani iliyoibeba WannaCry izimwe: kwenye orodha ya vipengele vya Windows ondoa alama kwenye SMB 1.0. Kinachoweza kugoma baada ya hapo ni mashine kuukuu ya fotokopi inayotuma skani kwenye kompyuta kupitia SMB ya kwanza. Itumie kwa flashi, au tafuta kama ina sasisho lake.

Ruta nazo zina mambo yake. Biashara za wifi ya vocha zilizozagaa mitaani kwetu nyingi zinatumia ruta ndogo ya MikroTik. Aprili 2018 kulizibwa tundu kwenye programu yake, ambalo lilimruhusu mtu aliye mbali kusoma faili la majina na maneno ya siri kupitia mlango 8291 bila kuingia. Kiraka kilikuwa bure tangu siku ya kwanza, toleo 6.42.1 au 6.40.8. Miezi kadhaa baadaye ruta kwa maelfu duniani zilikuwa zinachimbia watu sarafu za kidijitali kwa sababu hakuna aliyezisasisha. Utaratibu wenyewe hauzidi robo saa: hifadhi nakala ya mipangilio kwenye Files na uitoe nje ya ruta, nenda System, kisha Packages, kagua masasisho, pakua na uache ijiwashe upya. Baadaye nenda System, kisha RouterBOARD, bonyeza Upgrade na uiwashe tena. Hatua hii wengi huiruka. Ruta ndogo kama hAP lite ina hifadhi ya MB 16 tu, kwa hiyo kupanda kwenda toleo la 7 kunaweza kukwama kwa kukosa nafasi. Futa kwanza mafaili yaliyolundikana. Na wengi hukosea hapa: kiraka kinaziba tundu, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Neno la siri lililoibwa bado analo. Libadilishe, angalia kwenye Scheduler na Scripts kama kuna kitu hukukiweka wewe, na kwenye IP angalia kama Socks, njia ya kupitishia mawasiliano ya watu wengine, imewashwa pasipo sababu. Mwisho, kwenye IP, Services, zima telnet na ftp, na Winbox, programu ya kuiendeshea ruta, iruhusu anwani za ndani tu.

Kwa wasioweza kulipia wala kuhamia Windows 11, kuna Linux Mint, mfumo huria wa bure unaokaa badala ya Windows. Inakwenda vizuri kwenye mashine ya GB 4, na huduma zinazofunguliwa kwa kivinjari hazijui tofauti. Kwa steshenari shida itakuwa nyaraka za Word za wateja, ambazo mpangilio wake hukimbia kidogo zikifunguliwa na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia nyaraka. Hati yenye majedwali iombe katika PDF. Programu za hesabu zilizoandikwa kwa ajili ya Windows usizitegemee huko.

Tunakuja kwenye sheria. Umoja wa Ulaya umepitisha Kanuni namba 2024/2847, ambayo masharti yake makuu yataanza Desemba 11, 2027. Inamtaka mtengenezaji wa kifaa au programu atoe viraka vya usalama bila malipo katika kipindi cha utunzaji, na kipindi hicho kwa kawaida kisipungue miaka 5. Inataka pia, inapowezekana kiufundi, kiraka cha usalama kitenganishwe na sasisho la vipengele vipya, ili mtu asilazimishwe kumeza kimoja kwa ajili ya kingine. Uingereza tangu Aprili 29, 2024 inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya kuunganishwa na intaneti atangaze utunzaji utakwisha lini.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Ni sheria nzuri, lakini mzigo wote umemwangukia wa mwisho kwenye mnyororo: mwenye zahanati wa Muheza, chama cha akiba na mikopo cha Pangani, nyumba ya wageni ya Lushoto inayonakili vitambulisho. Taarifa zikivuja, ataulizwa yeye. Aliyeuza programu yenye tundu ana karatasi ya leseni inayosema programu imetolewa kama ilivyo, pasipo dhamana. Ukisikia mbuzi kwenye gunia, ndiyo hiyo.

Hatuombi Bunge liandike kanuni nene kama ya Ulaya kesho asubuhi. Mawili yanaweza kuanza kwa mamlaka zilizopo. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, tayari inakagua na kuidhinisha simu, ruta na vifaa vingine vya mawasiliano kabla havijauzwa nchini. Iongeze swali moja kwenye fomu: viraka vya usalama vya kifaa hiki vitatolewa bure hadi tarehe gani? Asiyeweza kujibu asipewe cheti. Leo boksi la ruta linaeleza kasi, idadi ya antena na rangi ya taa, lakini mwaka wa mwisho wa kutunzwa hakuna.

La pili ni la wanunuzi wa umma. Halmashauri, shule na hospitali zinaponunua mfumo wa malipo au wa kumbukumbu, kwenye zabuni iingizwe ibara ya mistari mitatu: mzabuni atarekebisha bila malipo udhaifu wowote wa usalama uliokuwamo kwenye programu aliyoikabidhi, kwa miaka isiyopungua 5; atatoa rekebisho la udhaifu mzito ndani ya siku 14 tangu ajulishwe; na akitoa rekebisho hilo kwa mteja mwingine yeyote, atalitoa kwetu siku hiyohiyo. Programu nyingi hizi zinaandikwa na vijana wa hapahapa nchini, na tunajua ibara hiyo itawapandishia bei kidogo mwanzoni. Ni afadhali bei hiyo ionekane siku ya kufungua zabuni, wakati mnunuzi bado ana wa kuchagua, kuliko ije miaka miwili baadaye akiwa na kumbukumbu zote ndani ya mfumo na hana pa kukimbilia.

Na ile tarehe ya TCRA ichapwe nje ya boksi, kwa herufi zisizopungua zile za tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti ya maziwa.

Wasalaam,
Mafundi kompyuta na mitandao,
Ngamiani, Tanga.